Mizani ya Mwili: Mawaidha juu ya Maradhi ya Fangasi kwa Wasafiri wa Njia ya Tunduma

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, aliyeuumba mwili wa binadamu akakipimia kila kiungo kadiri yake, akateremsha maradhi na akateremsha dawa. Na rehema na amani zimfikilie Bwana Mtume Muhammad, na aila yake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu Waislamu, watu wa Pwani tangu zamani ni watu wa safari. Wazee wao walipanda majahazi wakafuata pepo za kaskazi na kusi, na wengine wakafuata misafara ya bara. Leo wana wao hupanda magari makubwa ya mizigo, wakatoka Dar es Salaam na Tanga, wakaipanda barabara kuu ipitayo Morogoro na Iringa na Mbeya. Kutoka Dar es Salaam huenda zaidi ya kilomita 900 hata wakafika Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulikatwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, mji wa Zambia. Hapo hupita shehena ya Zambia na ya Kongo, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo hapo. Mwaka 2019 serikali mbili zilifungua kituo cha pamoja cha forodha ili msafiri akaguliwe pahala pamoja. Walakini msururu wa magari haukukoma, na dereva huweza kungoja siku kadhaa akilala ndani ya gari lake.

Basi mtazameni mtu huyu katika safari yake. Ametoka katika joto la Pwani akaingia nchi ya juu yenye baridi. Maji ya kuoga ni ya baridi, naye huyaogopa. Hujimwagia kidogo, akavaa suruali nzito mwili ungali majimaji, akakaa kitini kutwa. Chakula chake ni chipsi, na kinywaji chake ni soda na vile vinywaji vitamu vya kuondoa usingizi. Akikohoa huingia duka la dawa, akanunua vidonge vya kuua vijidudu pasi na kupimwa, akameza siku 2, akaona nafuu, akaviacha. Mwezi ukatimia akarejea nyumbani kwake. Baada ya siku chache akaona wekundu na muwasho katika tupu yake, na mkewe naye akalalamika kwa muwasho kama huo na uchafu mweupe mzito mfano wa maziwa yaliyoganda. Mume akakunja uso, akamuuliza mkewe: "Nani aliyeingia humu nilipokuwa safarini?"

Kwa neno hilo moja nyumba huvunjika. Mke hurudi kwa wazee wake analia, majirani wakapata la kusema, na watoto wakabaki baina ya nyumba mbili. Na maradhi yenyewe hayakuwa na khabari ya zina hata kidogo. Kwa ajili hiyo yampasa Muislamu ayajue maradhi haya kwa ilimu, asiyajue kwa uvumi, apate kuuhifadhi mwili wake na nyumba yake na dini yake.

FASILI YA KWANZA: Fangasi hii ni nini

Fangasi ya namna hii matabibu huiita kandida, nayo ni jamaa ya hamira. Kila mtu aijua hamira iumuayo unga wa mkate na mandazi: huwa chembe ndogo zilizotulia, na zikipata maji na utamu na fukuto huamka, zikazaana, unga ukajaa bakuli. Kandida nayo huishi juu ya ngozi, kinywani, matumboni, na katika tupu ya mwanamke, kwa watu wengi walio wazima, wala haiwadhuru. Pamoja nayo vimo vijidudu vingine vyema ambavyo Mwenyiezi Mungu amevijaalia kuwa ni walinzi. Hushindana nayo pahala na chakula, na nguvu ya kinga ya mwili huisimamia isivuke mpaka wake.

Katika Suratu r-Rahman Mwenyiezi Mungu ametaja mizani aliyoiweka, akakataza watu kuipindukia. Wanavyuoni wameifasiri kuwa ni uadilifu, na ni mizani ya sokoni. Na mwenye kuutazama mwili wake ataona ndani yake mizani ya namna nyingine: joto na baridi, njaa na shibe, unyevu na ukavu, chembe zenye kudhuru na chembe zenye kulinda. Mizani hiyo ikiwa sawa, kandida hukaa mahala pake kama mtumishi aliyetulia. Ikiharibika, kandida huamka kama hamira katika fukuto, ikaenea.

Ikienea kinywani, huonekana utando mweupe juu ya ulimi na ndani ya mashavu, na pengine pembe za mdomo hupasuka. Ikienea katika mikunjo ya mwili, yaani kwapani na kwenye kinena, ngozi huwa nyekundu na yenye kuwasha. Ikienea katika tupu ya mwanamume, kichwa chake huwa chekundu na kuwasha, na hayo huwapata zaidi wasiotahiriwa, kwa sababu unyevu hujificha chini ya govi. Na katika hili ipo faida moja katika faida za sunna ya tohara. Ikienea katika tupu ya mwanamke, huleta muwasho mkali na uchafu mweupe, na maumivu wakati wa kukojoa au wa kukutana na mumewe.

FASILI YA PILI: Mambo yaiharibuyo mizani

Jambo la kwanza ni vidonge vya antibiotiki, navyo ndivyo vinunuliwavyo ovyo katika maduka ya dawa ya njiani. Vidonge hivi vimewekwa kuua bakteria, wala haviui fangasi. Mwenye kuvimeza bila ya haja huwaua walinzi, akaiachia kandida uwanja mtupu. Kwa hivyo mtu hukitibu kikohozi ambacho pengine kingepona chenyewe, akajinunulia maradhi mengine kwa fedha yake.

Jambo la pili ni kisukari. Damu ikizidi sukari, na mkojo ukichukua sukari, fangasi hupata chakula chake na kinga ya mwili hudhoofika. Wanaume wengi hawakupata kujua kuwa wana kisukari illa baada ya kuona fangasi ya tupuni ikirudi na kurudi. Mwenye kuona hayo pamoja na kiu isiyokwisha, na mkojo mwingi, na kukonda, na kuchoka, asingoje.

Jambo la tatu ni kudhoofika kwa kinga kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa nchini Tanzania, mkoani Kagera, mwaka 1983, matabibu wameujua utando mweupe wa kinywani usiopona kuwa ni katika dalili za kinga iliyovunjika; na ikishuka fangasi hiyo kooni hata mtu akaumia akimeza, khabari huwa ni kubwa zaidi. Si kila mwenye fangasi ana virusi, na mwenye kumtuhumu kila mgonjwa amedhulumu. Lakini mtu mzima aonaye utando kinywani pasi na sababu ijulikanayo imempasa apimwe.

Jambo la nne ni dawa za jamii ya steroidi, za kumeza, au za kupaka ambazo watu huzitumia kwa kila kipele, au za pumu zivutwazo kwa mdomo. Na mwenye kutumia hizi za pumu yataka asukutue kinywa kwa maji kila baada ya kuvuta. Jambo la tano ni mimba, kwani mwili wa mja mzito hubadilika. Jambo la sita ni unyevu na joto: nguo za kubana, nguo zisizopitisha hewa, kukaa kutwa kitini, na meno ya bandia yasiyotolewa usiku wala kusafishwa.

Basi katika mambo sita haya yamo mengi ambayo mtu huyabeba Tunduma akarudi nayo Pwani, wala hakuna aliyeingia nyumbani kwake akamletea.

FASILI YA TATU: Uharamu wa kumdhania mke vibaya

Matabibu hawayahesabu maradhi haya katika maradhi ya zinaa. Yaweza kuhama kidogo baina ya mume na mke, lakini asili yake mara nyingi ni mwilini mwa mtu mwenyewe. Humpata bikira asiyejua mwanamume, na humpata mja mzito nyumbani kwake. Hata mtoto mchanga anyonyaye huota utando mweupe ulimini, naye hajaandikiwa dhambi hata moja. Na matabibu hukadiria kuwa katika kila wanawake 4, kiasi cha 3 hupatwa nayo walau mara moja katika umri wao. Je, mwenye akili atasema wote hao ni wazinifu?

Dini imelishika neno hili kwa mkono mzito. Katika Suratu n-Nur yamo makatazo ya kuwasingizia wanawake wenye kujihifadhi, na imetajwa adhabu ya fimbo 80 kwa mwenye kusingizia asilete mashahidi 4, na kwamba ushahidi wake haukubaliwi. Na mume akimtuhumu mkewe, sharia haikumwachia aseme tu akaenda zake. Imemwekea kiapo cha liani, nacho ni kiapo kizito cha kujiombea laana ikiwa amesema uwongo. Wanavyuoni wa madhhab ya Imam Shafii hawakumruhusu mume kumtuhumu mkewe illa awe na yakini, au dhana yenye nguvu iliyosimama juu ya karina iliyo wazi. Na maradhi yampatayo bikira na mtoto mchanga hayawi karina ya zina kwa wajihi wowote.

Tena mwenye haki ya kuulizwa kwanza ni nafsi ya huyo mume. Aliyekaa mwezi mzima mpakani ajiulize alikula nini, alimeza nini, alilala wapi na nani. Akiwa ameihifadhi tupu yake, na amhifadhi mkewe kwa ulimi wake. Akiwa hakuihifadhi, basi atubu kwa Mola wake, na akapimwe maradhi mengine kabla ya kumkaribia mkewe, kwani kumletea mtu madhara hali unajua ni dhulma, na Mtume (s.a.w.) amekataza madhara na kudhuriana.

FASILI YA NNE: Dawa za njiani na maneno ya wauzaji

Katika stendi na masoko ya Tunduma, kama katika miji yote ya njia kuu, hupatikana wauzaji wa chupa na unga. Husema: dawa hii husafisha damu, huondoa fangasi mwili mzima, huleta nguvu za kiume, huondoa uchovu na usahaulifu na maumivu ya viungo. Wengine humwambia mtu ateme mate katika gilasi ya maji asubuhi, na yakiteremka kama nyuzi humwambia, "Mwili wako wote umeoza kwa fangasi." Maneno hayo hayana asili katika ilimu ya tiba. Mate ya mtu mzima na ya mgonjwa huelea na huteremka, wala hayamtambulishi mtu maradhi yake. Kandida kuingia ndani ya damu ni jambo lipatikanalo, lakini huwapata wagonjwa walio mahututi hospitalini, nao hawawezi kutembea stendi wakinunua chupa.

Na lililo baya zaidi ni yule achanganyaye majani asiyojulikana, akayaita tiba ya Mtume ili yauzike. Huyo amekusanya mambo mawili: amekula mali ya watu kwa batili, na amemzulia Mtume (s.a.w.) asilolisema, na hilo ni katika madhambi makubwa. Na imepokewa katika hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, akadhuru, basi atadhamini alilolidhuru.

Asali imetajwa katika Kur'ani kuwa ndani yake mna ponyo, na habbat sauda imetajwa katika hadithi sahihi. Muislamu huamini hayo wala hayatilii shaka. Hula asali na habbat sauda kwa nia njema, na asali aile kwa kiasi akiwa na kisukari. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitumia namna nyingi za dawa, na aliwaamrisha watu wajitibu. Mwenye kuishika dawa moja akaiacha hospitali na maradhi yakamzidi, hawezi kusema ameifuata sunna, kwani ameishika sehemu akaiacha sehemu.

Wanawake nao waonywe kwa upole, na waume ndio wafikishe khabari: kujiosha ndani ya tupu kwa sabuni, au ndimu, au shabu, au siki, au kujitia kitunguu saumu, hayo huunguza na huwaua wale walinzi, maradhi yakazidi. Nje huoshwa kwa maji safi, na ndani Mwenyiezi Mungu amekujaalia kujisafisha kwenyewe.

Na katika chakula watu wamezidisha maneno. Wapo wasemao mgonjwa aache mkate na mandazi milele kwa kuwa vina hamira. Hamira ya mkate ni jamii nyingine, tena hufa kwa moto wa tanuu na wa karai. Mtindi ni chakula chema, lakini matabibu hawakupata ushahidi wenye nguvu kuwa peke yake huponya. Na miiko ya chakula peke yake haikuthibiti kuwa huondoa fangasi. Lililothibiti ni kwamba mwenye kisukari akiishika sukari yake, fangasi humpungukia.

FASILI YA TANO: Tiba iliyo kamili

Jua, ewe ndugu, kuwa kuutazama mwili mzima ni jambo jema, na matabibu wa Kiislamu wa zamani, kama Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, waliandika juu ya hewa na chakula na usingizi na harakati na huzuni ya moyo kabla ya kuandika dawa. Kosa la wauzaji wa chupa ni kwamba hulitaja jina la mwili mzima, kisha wasiutazame. Mwenye kuutazama mwili mzima kweli kweli hufuata mambo haya.

La kwanza, apimwe. Muwasho na uchafu si fangasi kila mara. Pengine ni kisonono, au maradhi mengine ya bakteria, na dawa zake ni mbali mbali. Akiona vidonda, au homa, au maumivu chini ya kitovu, au usaha, au harufu mbaya, aharakishe zaidi. Tunduma mna kituo cha afya, na Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, mna hospitali, na Mbeya yenye hospitali ya rufaa ya kanda iko kiasi cha kilomita 100. Hakuna udhuru kwa mwenye kuweza kungoja forodha siku 3 akashindwa kungoja daktari saa 3.

La pili, atumie dawa iliyopimwa, kwa kipimo chake. Ziko za kupaka na za kutia, kama klotrimazoli. Ziko za kinywani, kama nistatini. Na ziko za kumeza, kama flukonazoli. Hii ya kumeza hugongana na baadhi ya dawa nyengine, na mja mzito hupewa ya kupaka au ya kutia badala yake. Kwa hivyo isinunuliwe kwa kukisia. Amalize siku alizoandikiwa ijapokuwa muwasho umeondoka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya fangasi zinazoogopewa zaidi, na jamii mbili za kandida ziliwekwa katika daraja ya juu kabisa ya khatari. Dawa za fangasi ni chache, na matumizi ya ovyo huifundisha fangasi kuzishinda. Mwenye kuichezea dawa leo humnyang'anya mgonjwa wa kesho silaha yake.

La tatu, atafute chanzo. Maradhi yakirudi mara 3 au 4 katika mwaka mmoja, apime sukari ya damu na virusi vya UKIMWI. Kipimo cha virusi katika vituo vya serikali ni bure, na dawa za kuvifubaza ni bure; na mwenye kuzishika dawa hizo sawasawa huishi, hufanya kazi, na kinga yake hurudi ikaisimamia kandida kama ilivyokuwa. Aonaye haya kupima, na akumbuke kuwa haya iliyosifiwa katika dini ni ile imzuiayo mtu na maasi. Ile imzuiayo kujiokoa na kumwokoa mkewe ni udhaifu tu, imeazima jina.

La nne, aurekebishe mwendo wake. Avae nguo ya pamba isiyobana, na usiku avae kikoi au seruni, kwani vazi hili la wazee wa Pwani hupitisha hewa vizuri kuliko jinzi. Ajikaushe kabla ya kuvaa. Atumie mswaki, na asafishe kinywa. Anyoe na akate kucha, wala asipitishe siku 40, kama ilivyopokewa katika sunna za maumbile. Apunguze soda na vitamu, na ajiwekee chakula kwa mafungu matatu ya tumbo kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.): fungu la chakula, fungu la maji, na fungu la pumzi. Aache sigara. Alale usingizi wa kumtosha, wala asimeze vidonge vya kukesha.

La tano, amtibu mkewe na amlee kwa upole. Mume asiye na dalili kwa kawaida hahitaji dawa, na mwenye dalili atibiwe pamoja na mkewe, nao wajizuie kukutana mpaka muwasho uishe. Ni kweli kwamba vitabu vya madhhab havikuihesabu thamani ya dawa katika nafaka iliyo wajibu juu ya mume. Lakini vitabu hivyo hivyo vimeamrisha kuishi na mke kwa wema. Na mume anunuaye matairi mapya ya gari, kisha akamhesabia mkewe senti za dawa, ameujua wajibu mdogo akausahau mkubwa.

FASILI YA SITA: Hukumu za ibada kwa mgonjwa

Uchafu utokao kwa maradhi haya si hedhi. Huvunja udhu, lakini hauwajibishi josho, wala haumwondolei mwanamke Sala wala Saumu. Ukiwa hutoka daima bila ya kukatika, hukumu yake ni kama ya mwenye kutokwa na mkojo daima: ajioshe, ajifunge kitambaa safi, atawadhe kwa kila Sala ya fardhi baada ya kuingia wakati wake, kisha aharakishe kusali. Wanawake wengi wameziacha Sala siku nyingi kwa kudhani kuwa hawana tohara, na dhima ya kuwafundisha imo juu ya waume zao.

Mwenye kufunga, dawa apakayo juu ya ngozi haimfunguzi. Dawa ya kumeza humfunguza, na dawa atiayo mwanamke katika tupu humfunguza katika madhhab ya Imam Shafii. Basi iwekwe usiku. Ikiwa tabibu ameamrisha itumiwe mchana na kuakhirisha kuna madhara, mgonjwa ana rukhsa ya kula, kisha alipe.

Dawa ya mafuta iliyogandamana vidoleni ikayazuia maji, iondolewe kabla ya kutawadha. Na fangasi ya vidole vya miguu, ingawa mara nyingi ni ya jamii nyingine, hupenda unyevu vile vile. Wanavyuoni wamependelea mtu asijifute maji ya udhu, illa akiwa na udhuru. Na maradhi haya ni udhuru, basi na akaushe baina ya vidole vyake wala asione vibaya. Na kandambili za msikitini zivaliwazo na kila mtu, mwenye maradhi ya vidole azikimbie, aje na zake.

Kuifunua tupu mbele ya tabibu ni halali kwa kadiri ya haja. Mwanamke atafutiwe tabibu mwanamke kwanza. Asipopatikana, tabibu mwanamume kwa kuhudhuria mumewe au maharimu wake. Mume amzuiaye mkewe kwenda hospitali kwa kisingizio cha wivu, kisha akamwacha anaumia mwaka mzima, amechukua dhima mbele ya Mola wake.

KHATIMA

Enyi wasafiri wa njia ya Tunduma, mtu hujua kulisikiliza gari lake. Likigonga kidogo penye kilima cha Kitonga hushuka akatazama, hasemi kuwa mkewe ndiye aliyeliharibu, wala hapaki rangi juu ya chuma kilichovunjika. Basi mwili ni amana iliyo kubwa kuliko gari, na fangasi ni mlio wake mmojawapo. Mwenye kuusikia na atafute penye kugonga: katika damu yake, katika chakula chake, katika vidonge alivyomeza ovyo, katika mwendo wake. Na kabla ya yote auzuie ulimi wake usiseme neno ambalo halina dawa likishatoka.

Na aliyekwisha kulisema neno hilo kwa mkewe pasi na haki, naye sasa amejua, mlango wa toba u wazi. Na aende kwa wazee wa mkewe, amtake radhi mbele ya wale waliousikia usingizi ule wake, amrejeshee heshima yake kwa ulimi ule ule uliomvunjia, kisha amchukue kwa tabibu, nao watibiwe pamoja.

Mwenyiezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awarejeshe wasafiri kwa salama, azihifadhi nyumba na ndimi. Na rehema na amani zimfikilie Bwana Mtume Muhammad, na aila yake, na sahaba zake wote. Wallahu aalam.